Kwa Nini Aendaye Misheni Haulizwi

Zamani, kabla watu wa Namitema hawajajifunza kunyamaza, hakuna aliyevuka daraja la magogo bila kutaja anakokwenda na anachokifuata. Huo ndio uliokuwa uungwana. Aliyekataa kujibu alihesabiwa mchawi au mwizi, na akiwa mwanamke, mengine sisemi.

Ng'ambo ya mto ilikuwa misheni. Neno lenyewe ni la Kiingereza, lilikuja na mapadre, na mwanzoni lilikuwa na maana moja tu: kanisa. Baadaye pale pale pakajengwa shule, zahanati, mashine ya kusaga na karakana ya seremala, na yote yakaitwa misheni. Lakini darajani jibu hilo halikutosha. Bibi Winifrida, aliyekaa pale akikaanga mihogo, angeuliza tu: "Misheni kufanya nini?" Na ulimi wa bibi huyo haukuwa na likizo.

Basi mwaka mmoja Hilda, mke wa Stefano mwashi, alishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu. Ngozi ikaungua, yeye asisikie kitu. Akalitazama baka alilokuwa akilifunika kwa kanga, akajua. Siku zile mwenye ukoma alijengewa kibanda porini, chakula akaachiwa njiani, na watoto wake hakuwagusa tena. Hilda alikuwa na mapacha wanaonyonya. Aliogopa hilo kuliko kufa.

Akajitwika kikapu cha mahindi. "Misheni, kusaga," alimwambia Bibi Winifrida. Sista wa zahanati akamweleza kwamba ugonjwa umewahiwa, atapona na wala hatamwambukiza mtu, ila aje kila Alhamisi kumeza vidonge, mwaka mzima na zaidi. Furaha ilimlevya Hilda hata akaipita mashine bila kukumbuka mahindi. Darajani bibi akachungulia kikapu.

"Mbona unga wako una punje?" akauliza, na wateja wake wakacheka. Hilda akajibu kwamba mashine imeharibika, ilhali ngurumo yake ilisikika mpaka hapo.

Njia ya mwongo ni fupi. Kufikia Alhamisi ya tatu alikuwa amekwisha kwenda kusaga, kuungama na kumwona seremala, na watu wakaanza kunong'ona. Mama mkwe wake akaanza kumtazama mikono wakati wa kula.

Alhamisi ya nne Hilda hakumkuta mtu darajani. Alishukuru Mungu, akavuka mbio. Alipoingia zahanati, kwenye benchi ameketi Bibi Winifrida, mguu ameunyoosha, na sista anamfunga kidole kilichokwisha kufa ganzi.

Wakatazamana. Bibi ndiye aliyeinamisha kichwa.

"Huu mwaka wa pili, mwanangu," alisema. "Nawauliza wote ili asipatikane wa kuniuliza mimi."

Hilda akaketi kando yake, akalia. Hakuwa na huzuni tena. Alikuwa amechoka kubeba peke yake.

Juma lililofuata mama mkwe alimtangulia darajani, akasimama katikati ya njia.

"Unakwenda wapi?"

"Misheni, mama."

"Kufanya nini?"

Watu wote waliokuwa wakila mihogo wakaacha kutafuna. Ndipo Bibi Winifrida alipoweka mwiko chini.

"Kasema misheni," alisema. "Kanisa liko kule, mashine iko kule, dawa iko kule. Au tuanze na wewe, mwenzangu. Mwezi uliopita ulivuka mara mbili. Ulifuata nini?"

Mama mkwe akakohoa, akatazama mto. Bibi akawageukia wateja wake mmoja mmoja, nao pia wakaona mto unapendeza sana siku ile.

"Haya, wasalimie," mama mkwe alisema hatimaye, akampisha mkwewe njia. Hilda akavuka akipumua kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya sufuria. Alipona kabisa, na mapacha aliwalea mwenyewe mpaka wakaota ndevu.

Na tangu siku hiyo, Namitema aendaye misheni haulizwi. Huenda anakwenda kusali au kusaga, huenda anapeleka kidonda, huenda anatafuta tu mahali pa kulia bila kuonekana. Huambiwa "wasalimie", na njia hupishwa. Akirudi, watu humpokea mzigo, kama anao.