Mistari ya Ufagio Usoni mwa Mirihi

Wewe unayejisifu kwa usafi, ni lini mara ya mwisho ulifagia bila kusikia kwamba mgeni yuko njiani?

Basi tulia usikilize. Zamani vumbi la Mirihi lilikuwa limelala tambarare, halina hata mstari mmoja. Mirihi mwenyewe aliishi peke yake, hajapigiwa hodi tangu azaliwe, na vumbi halikumsumbua. Siku jirani yake Dunia, ambaye sayari zote humwita Mama Mwezi, alipoleta habari kwamba anamtuma mgeni wa chuma, Mirihi akautazama uwanja wake kana kwamba si wake. Aibu ikampanda. Akashika ufagio wa chelewa.

Mgeni akashuka huku ufagio ukienda. Akatamka nusu ya salamu, vumbi likamfunika, kimya.

Mirihi akauficha ufagio nyuma ya mlima, akasingizia upepo. Sayari zikampa pole, naye akazipokea pole zote. Aliyeguna ni dada yake tu, Zuhura. Wageni wa Zuhura walikuwa wakiiva kabla ya saa mbili kwisha, lakini hakumficha mtu: kwake jiko halizimwi, anayekuja aje akijua.

"Upepo gani huo, kaka," akauliza, "unaoacha mistari ya chelewa?"

Mirihi akajibu kwamba upepo wa kwake una adabu.

Mama Mwezi hakubishana. Alimtuma mgeni wa pili, akamwagiza asishuke, azunguke juu kwanza mpaka ijulikane kilichomuua ndugu yake. Akazunguka siku, akazunguka wiki. Huku chini mikono ilimwasha Mirihi, maana uwanja ulikuwa umechafuka tena. Ndipo Mama Mwezi akauliza kwa upole kama upepo umetulia, amshushe mwanawe. Mirihi akiitikia, na akafagia kidogo tu, amemzika wa pili. Akisema kweli, ataitwa muuaji wa wageni, na pengine hodi asiisikie tena.

Na tangu siku hiyo baadhi ya vyombo huzunguka kwanza ndipo vishuke, na mistari ile iko pale pale, wageni wanaikanyaga bila kulalamika. Maana siku hiyo Mirihi aliutoa ufagio nyuma ya mlima, akautupa chini mbele ya wote, akasema:

"Haukuwa upepo, Mama Mwezi. Nilikuwa nafagia. Mwanao nilimfukia mimi."