Chatu Aliyeongezewa Joto

Wapendwa, leo nimewaletea nyoka. Namwona mama mmoja pale nyuma ameshainua miguu. Ishushe tu, mama. Huyu hatambai humu ndani, wala hakuwa na ubaya na mtu.

Kulikuwa na mtu aliyefuga chatu katika mji wa milimani, kule ambako mwezi wa Juni hata maji ya kunawa yanauma vidole. Chatu hana moto wake mwenyewe mwilini; hutegemea joto la nje. Akipoa, hali. Asipokula, anakwisha. Yule mtu alimpenda nyoka wake, akaamua kumjengea nyumba kwa mikono yake: sanduku kubwa la mbao, kioo mbele, taa ya joto juu. Kazi nzuri. Lakini penye maungio ya mbao upepo ulipenya, ikabidi azibe.

Akaenda dukani.

“Unaziba nini, kaka?”

“Nyumba ya chatu.”

Muuzaji akachungulia nyuma yake. “Hujaja naye, lakini?”

“Yuko nyumbani.”

“Afadhali. Basi chukua silikoni hii ya matangi ya samaki. Joto haliisumbui. Ila uiache wiki nzima ikauke, ndipo umwingize.”

“Na ile nyeusi?”

“Ile ya kuzibia mabati. Ina lami. Hiyo jioni tu imeshakauka.”

“Nipe ya jioni.”

Kesho yake mkewe alimkuta akifuta kioo, anaimba.

“Umeijaribu?”

“Nimeimwagia maji, mke wangu, haivuji hata tone. Nimeinusa, hainuki.”

“Umeinusa taa ikiwa imezimwa?”

“Taa ya nini, na mwenye nyumba hajaingia?”

Mkewe akachukua kapu lake, akaenda sokoni. Mume akamwingiza chatu, akafunga kioo, akawasha taa.

Joto likapanda. Ile lami iliyokuwa imetulia ikaanza kulegea, na ilipolegea ikatoa kilichokuwa ndani yake. Chatu akanyoosha shingo hadi kona ya juu, akafungua kinywa. Yule mtu alimtazama kupitia kioo, moyo ukamuuma. Akasema, “Maskini, bado anaona baridi.”

Mnajua alifanya nini? Akawasha taa ya pili.

Mkewe aliporudi alifungua kioo, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Chatu alikuwa amelala tumbo juu.

“Nilimpa joto lote nililokuwa nalo,” mume akasema.

“Hakuwa na baridi huyu,” mkewe akajibu. “Alikuwa anatafuta pumzi.”

Ndugu zangu, yule mtu hakumchukia chatu wake. Hilo ndilo linaloniogopesha. Alimuua akimhurumia.

Na sisi je? Nyumba zetu zina nyufa, na nyufa tunaziziba kwa kitu gani? Kuomba msamaha kunachukua muda. Kusema ukweli kunachukua muda. Kwa hiyo tunaziba kwa la haraka: tunajifanya hakuna lililotokea. Jioni hiyo hiyo tunakaa mezani, wageni wanakuja, wanatusifu. Nyumba tulivu! Haivuji! Lakini nani ameijaribu nyumba hiyo siku ya msiba? Nani ameijaribu siku kazi ilipopotea, siku binti aliporudi na mimba? Joto likija, ukutani kunatoka kile tulichokiweka sisi wenyewe.

Kisha mmoja wetu anaanza kukosa hewa. Kijana haongei. Mke halali. Mzee hagusi chakula. Nasi tunasema, huyu amepoa kiroho. Tunamwongezea maombi, tunamwongezea mafundisho, tunamwongezea mkesha. Vitu vyema vyote, wapendwa! Joto si baya. Lakini mnamwongezea joto mtu aliyefungiwa na sumu, halafu mnashangaa mbona anazidi kufa?

Msimwulize Mungu kwa nini maombi yenu hayakumponya. Jiulizeni mliziba kwa kitu gani.

Leo ukifika nyumbani, ukamkuta mtu wako amejitenga chumbani, usimpelekee mstari wa Biblia. Fungua mlango. Mwambie, “Nilikukosea, na nilijifanya sikukukosea.” Halafu kaa hapo, umsikilize mpaka amalize, hata kama chakula kitapoa.