Tairi Jeupe la Kona ya Tangini

Hapo zamani, wala si zamani ya kina babu, mchoma mahindi mmoja aliuliza: "Nyie mnaohesabu magari, mnangoja wafe watoto wangapi?" Wao wakaendelea kuhesabu.

Aliyeuliza ni Mama Nsia wa kona ya Tangini, watoto wanapovuka lami kwenda shule. Hapakuwa na tuta. Mama Nsia alikuwa amechukua tairi bovu, akalipaka chokaa, akaliweka katikati ya barabara. Madereva walilitukana tairi, wakamtukana na mwenye tairi, lakini walipunguza mwendo.

Ndipo wakaja watafiti wa wakfu mmoja wa hisani, unaogharamia utafiti wa usalama barabarani. Mwenyekiti wa bodi yake, Mzee Lutengano, aliweka sharti: siku tisini za kuhesabu, barabara isiguswe. Dokta Sabela, kiongozi wa watafiti, akamfuata Mama Nsia kwenye jiko lake la mahindi.

"Shikamoo mama. Tairi lako linatuharibia hesabu."

"Marahaba. Linaharibu hesabu, au linaharibu ajali?"

"Serikali haijengi tuta mpaka ione barabara ilivyo bila tairi. Siku tisini tu, mama yangu."

"Haya. Nyie ndio mliosoma."

Akalivingirisha mwenyewe hadi nyuma ya banda.

Siku ya themanini na nne lori lilimgonga Nsia, bintiye wa pekee, daftari mkononi. Akafa palepale. Kwenye fomu wakaandika: mmoja. Dereva alifungwa, msinipotezee muda naye.

Tuta likajengwa Tangini, na kwa ripoti ileile yakajengwa matuta kwenye shule nyingine kumi na moja. Siku ya uzinduzi, chini ya hema la wakfu, Mama Nsia akasimama. "Rambirambi nimezipata. Nataka mtu mmoja aseme: ni mimi."

Mzee Lutengano akasema: "Sharti ni langu. Lakini utafiti wetu wa kwanza barabara iliguswa, wahandisi wa serikali wakautupa, na kule watoto wanakufa mpaka leo. Halafu tairi lako mimi sikuliona."

Dokta Sabela akasema: "Mimi nililiona. Siku ya arobaini niliandika kuomba lirudishwe. Nikajibiwa bodi inakaa baada ya miezi miwili. Ningelirudisha kimyakimya, ripoti ingekuwa uongo, na zile shule kumi na moja zingekosa matuta."

Jirani mmoja akadakia: "Na wewe, mama? Si ulilitoa kwa mikono yako?"

"Nililitoa," akasema Mama Nsia. "Naliona kila asubuhi. Nami nihesabuni."

Mzee Lutengano akakohoa. "Basi, tuseme tulikosa sote."

"Sote ni nani, baba? Huyo Sote hajawahi kufika msibani kwangu."

Je, nani alistahili kusema "ni mimi"? Aliyeweka sharti bila kuiona barabara, aliyeiona akangoja kikao, au aliyewaamini waliosoma?

Nakuomba unitajie mmoja. Usiniambie sote.