Tumbusi wa Chelezo cha Simba

Mwaka mmoja jua lilikausha bonde zima, hata matope yakapasuka. Majani mabichi yalibaki kisiwani tu, katikati ya ziwa, na njia ya kwenda huko ilikuwa ya Mamba. Swala alikuwa na watoto wawili walioanza kushindwa kusimama. Alimwambia Mfalme Simba waziwazi kwamba wasipovuka upesi, atawazika.

Simba alipenda mambo makubwa. Akaamuru kisukwe chelezo cha mafunjo, kibebe ndege wa vita hadi katikati ya ziwa, waruke kutoka hapo na kuwadonoa Mamba macho mpaka wakimbie. Kazi ya kuchagua ndege akampa Fisi, kwa sababu Fisi ndiye aliyecheka kuliko wote kila Mfalme alipotania.

Fisi akaunda kamati. Mwenyekiti akawa yeye, wajumbe wakawa shemeji zake. Mwewe alipokuja kuomba kazi hakuwa na chochote mdomoni, kwa hiyo akaambiwa ni mdogo mno. Tumbusi, wale walaji wa mizoga, walikuja na paja la nyati. Fisi akawapitisha kabla hajamaliza kutafuna.

Majaribio yakafanyika mbugani. Tumbusi wakatimua mbio, wakakimbia, wakakimbia tena, hatimaye wakanyanyuka, na kivuli cha mabawa yao kikamfunika Simba. Mfalme akafurahi sana. Sungura peke yake akauliza kwa nini ndege wa chelezo wajaribiwe mbugani.

"Chelezo ni kifupi," alisema. "Watakimbilia wapi?"

"Wewe una bawa hata moja?" Fisi akamjibu, na kamati nzima ikacheka.

Sungura alikasirika, maana watoto wa Swala walikuwa wamelala pale pale wakisikiliza. Lakini hakubishana. Alimwinamia Simba, akasema kwa upole kwamba mheshimiwa mwenyekiti anastahili kupanda chelezo siku ya vita, akae mbele kabisa, wote wamwone. Simba akakubali papo hapo. Fisi akasingizia tumbo, kisha kikohozi, kisha msiba wa shangazi. Simba akanguruma, Fisi akapanda.

Kiboko akasukuma chelezo hadi katikati ya ziwa. Tumbusi wa kwanza akatimua mbio, mafunjo yakamwishia, akatumbukia. Wa pili akamfuata. Wa tatu akauona ukingo, akajaribu kusimama, akateleza, akamgonga mwenyekiti mgongoni, wakaenda majini pamoja.

"Mimi ni mwenyekiti wa kamati," Fisi alilia.

Mamba hawakuwa na haja ya kujua cheo chake.

Mwewe na nduguze walikuwa wamekaa pembeni mwa chelezo, kama Sungura alivyowaomba. Wakanyanyuka pale pale walipokaa, bila kukimbia hata hatua moja, wakawashukia Mamba machoni. Haikuchukua muda, njia ikawa nyeupe.

Simba akawakusanya wanyama ufukweni, akatangaza kwamba tangu mwanzo yeye alimtaka Mwewe. Sungura akafungua mdomo ajibu, akamwona Swala anamtazama kwa kumsihi, akaufunga. Wakapiga makofi wote, na Swala akapiga kuliko wote, maana watoto wake walikuwa hawajavushwa bado, na chelezo kilikuwa cha Mfalme.