Sultani Aliyefukuza Maneno ya Ng'ambo

Hapo zamani, enzi ambazo mkubwa akipiga chafya mji mzima huambiwa umeshikwa na mafua, palikuwa na Sultani aitwaye Zingo, mtawala wa mji wa Tungamo. Alikuwa na ugonjwa mmoja: kila akipendacho lazima kiwe chake peke yake. Ikawa siku moja akaipenda lugha.

"Lugha yetu imechafuliwa!" akatangaza barazani. "Kila merikebu ikitia nanga hutuachia neno. Kuanzia leo neno la kigeni ni marufuku. Litoke mjini, na kitu chake kitoke, na aliyelitamka atoke nalo!"

Shehe Mahadhi, mwanachuoni wa kasri, alijua asili ya kila neno katika hotuba ile. Akainamisha kichwa akasema, "Umenena, Bwana wangu." Mwanachuoni gani huyo! Elimu tele kifuani, na ulimi kautia mfukoni.

Basi wa kwanza kunaswa hakuwa waziri wala tajiri. Wao hawanaswi kwanza. Alikuwa Bi Kirembwe, kikongwe muuza vitumbua langoni pa kasri, aliyemwambia askari, "Mwanangu, ondoa rungu lako juu ya meza yangu." Meza! Neno la Wareno! Akakamatwa unga ungali mikononi, akahukumiwa atolewe mjini jua likizama, yeye asiyekuwa na ndugu nje ya ukuta wa Tungamo, wala miguu ya kumfikisha kwingine.

Huyu bibi alikuwa amemlea yatima mmoja, Mashavu, msichana fukara asiye na mali ila ulimi. Watu walimwita punguani, kwa kuwa akiambiwa jambo hulitenda vile vile lilivyosemwa. Habari zilipomfikia, akaingia barazani mbio.

"Nashika miguu yako, Bwana."

"Umekuja kumlilia mama yako?"

"Hasha! Nimekuja kuisifu amri yako. Ila naona inakwenda kikobe. Tangu asubuhi mmekamata bibi mmoja na meza moja! Nipe mimi kazi hiyo. Nikisaza kitu, nifukuze pamoja naye."

Sultani akacheka hadi kilemba kikaenda upande. "Haya, punguani kapata kazi!" Akavua pete akamrushia. Na ada ya Tungamo ilikuwa hivi: mwenye kuvaa pete ya Sultani hapingwi na mtu, hata na Sultani mwenyewe, mpaka jua lizame.

Mashavu akaitia kidoleni, akawaita wapagazi kutoka sokoni. "Anzeni na zulia."

"Zulia langu?" Sultani akashtuka.

"Shehe Mahadhi, zulia ni neno la nani? Sema kweli, pete inakutazama."

Shehe akakohoa. "La... la ng'ambo, binti yangu."

"Askari?"

"Ng'ambo."

"Taji? Joho? Suruali?"

"We msichana!" Sultani akaruka.

"Ng'ambo zote," Shehe akanong'ona, macho chini.

Ikawa kazi juu ya kazi. Askari wakatolewa nje ya ukuta, na waziri nyuma yao akilia. Bendera ikateremshwa, sahani na bakuli zikabebwa, kahawa ikamwagwa. Madirisha yakang'olewa, na watu wakajaza vichwa kwenye matundu kumtazama mtawala wao kajifunga mkeka. Alipodai chakula akaletewa uji wa mtama ndani ya kifuu.

"Samaki wangu yuko wapi?"

"Neno lake la Waarabu, Bwana. Nimemrudisha baharini. Kunywa uji, huo wetu."

"Basi! Basi!"

"Na hilo la Waajemi."

Watu matunduni wakaangua kicheko. Mashavu hakucheka, jua lilikuwa limeanza kuinama. "Kimebaki kitu kimoja," akasema. "Shehe, neno 'sultani' je?"

Shehe akainamisha kichwa, na kila mtu akaelewa. Wapagazi wakausogelea mkeka, mmoja huku, mmoja huku.

"Ngojeni!" Sultani akalia. "Naivunja sheria! Bi Kirembwe abaki, na meza yake, na vyote virudi!"

"Kuivunja utaivunja," Mashavu akasema, "lakini pete ningali nayo, na sheria ingali juu yako. Kwanza mwambie bibi huyu ulichomtenda."

Akaletwa Bi Kirembwe, kafumbata kifurushi chake cha safari. Sultani akajisafisha koo.

"Sama—"

"Kiarabu hicho, Bwana."

"Niwie radhi—"

"Radhi ya ng'ambo," akasema Shehe Mahadhi, ambaye sasa hata haikuhitajika kumwuliza.

Jasho likamtiririka Sultani ndani ya mkeka. Akapekua lugha ile aliyodai ni yake, kona kwa kona, akitafuta neno ambalo watu wa enzi hawafundishwi tangu utoto. Mwisho akalipata, likamtoka kama mwiba.

"Ni... nimekosa."

Shehe akainua uso. "Hilo ni letu," akasema. "La mababu kabisa."

Bi Kirembwe akatega sikio. "Masikio yangu ya kizee haya. Umesemaje, mwanangu?"

Sultani akamtazama, akautazama mkeka, na kicheko kikamshinda yeye mwenyewe. Alipokwisha kucheka akasema tena, kwa sauti, hata wa matundu ya nyuma wakasikia.