Mafuta ya Bi Mashavu

Bwana Nasibu, mwenye nyumba, alikuwa akiegesha gari lake kuukuu mbele ya mlango wa mpangaji wake Bi Mashavu, muuza vitumbua. Wateja wakawa wanateleza kwenye mafuta meusi.

"Injini yangu haivuji hata tone!" alifoka alipolalamikiwa. "Hayo ni mafuta yako ya kukaangia. Ukizidi kunisingizia, utahama."

"Nisamehe, Bwana. Kama ni yangu, basi ni yangu."

Bi Mashavu akatega karai chini ya gari. Asubuhi akamkaribisha Bwana Nasibu vitumbua vya moto, mbele ya majirani. Akala huku akisifu.

"Nafurahi vimekupendeza," alisema Bi Mashavu. "Niliishiwa mafuta, nikakaangia yale yangu niliyoyakinga chini ya gari."

Bwana Nasibu alitema, akashika koo. "Unaniua, mwanamke! Yale ni mafuta ya injini yangu!"

Majirani wakaangua kicheko.

"Tulia, Bwana, hivyo ni vya alizeti safi. Na fundi huyu hapa, nimekwisha kumwita."

Fundi aliosha injini, akainyunyizia unga ili aone panapovuja, akaiwasha. Unga ukalowa penye gasketi iliyochakaa, ile inayozuia mafuta kati ya vyuma vya injini, naye akaibadilisha. Unga wenyewe aliutoa Bi Mashavu.