Faili Lililorukwa

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hupenda kutajwa kwenye posa, pale mchumba anaposifiwa sura na mwendo, nayo hutuonya tusiamini cha nje kabla ya kukagua cha ndani. Lakini si posa peke yake. Yaliyompata Aisha wa Magamba, Lushoto, yalitokea ndani ya kompyuta, na mlango uliosifiwa ulikuwa jina la faili.

Aisha alikuwa mchapaji katika steshenari ya Mwajuma, jirani na soko la Lushoto. Mwajuma alikuwa mwanamke wa watu. Kibanda chake kilikuwa kidogo kama kizimba cha kuku, lakini hakikupungukiwa na wageni tangu ukungu wa asubuhi hadi jua kuzama. Chai ya tangawizi ilikuwa jikoni muda wote. Mtu aliyefuata kopi ya cheti aliondoka na kopi yake, na juu yake habari za nani kaposa Soni na nani kaachika Mlalo. Mwajuma alikuwa radhi alale njaa kuliko kuona benchi lake limekaa tupu.

Kompyuta ilikuwa moja, ya kukunja na kukunjua, nao wawili waliitumia kwa zamu, kila mmoja na akaunti yake na neno lake la siri. Kazi za wateja zikipungua, Aisha aliingia kwenye akaunti yake na kufungua faili aliloliita Nyimbo za Bibi. Bibi mwenyewe ni Bi Mwanahamisi, mama mzaa baba yake. Siku za soko bibi huyo alishuka kutoka Magamba, akakaa kwenye benchi na kuimba nyimbo za Kishambaa za zamani: za kubembeleza mtoto, za kupukuchua mahindi, za kumtoa bibi arusi nyumbani kwao. Aisha alichapa, na wanawake waliojaa kibandani waliitikia hadi wapita njia wakasimama.

Bi Mwanahamisi alikuwa na mwiko wake. "Wimbo ukikatika katikati usiufunge, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Ukiufungia mlango, utajuaje kama utarudi?"

Aisha alicheka, lakini aliushika mwiko huo. Hata akiondoka mezani alihifadhi kazi, akafunga kioo kwa neno la siri, na faili akaliacha wazi humo ndani.

Msimu wa matunda ya plamsi ulipofika, kiharusi kilimpiga Bi Mwanahamisi. Kilichukua mkono wa kushoto, kikachukua na kauli yote. Wimbo wa kumtoa bibi arusi ulikuwa umefika nusu. Wenzake wa rika walikwishatangulia mbele ya haki, na wanawake waliobaki walijua viitikio tu. Maneno yenyewe yalikuwa mahali pamoja duniani, ndani ya faili lile. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza Aisha alichofanya kila asubuhi kilikuwa kulifungua na kuliacha wazi.

"Si ulitoe basi, tuwe nalo kwenye karatasi?" Mwajuma alimwambia.

"Bado, mama. Hajamaliza. Akipata kauli tutamalizia, nitalitoa lote."

Asubuhi moja, Aisha akiwa ndiyo kwanza amelifungua, simu ikaita. Bibi kazidiwa, anapelekwa hospitali Bumbuli. Aisha alifunga kioo, akajitanda kanga na kutoka mbio bila hata kuaga.

Siku hiyo hiyo Mwajuma alikuwa amemwita fundi. Kompyuta ilikuwa imekuwa nzito kama lori la mchanga linalopanda kona za Soni, na ilitakiwa ifutwe yote iwekewe mfumo mpya. Fundi Valentino alitoka Tanga mjini. Viatu vyake vilikuwa vimechongoka, shati limenyooka, begi la ngozi begani, na manukato yake yalitangulia mlangoni kabla yake.

"Shikamoo mama yangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Huyu hata asipoigusa," alisema Beatha, muuza karoti ambaye benchi la Mwajuma lilikuwa nyumba yake ya pili, "kompyuta itapona kwa aibu."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Valentino aliingia kwa akaunti ya Mwajuma, akachomeka diski ya nje, akaanza kunakili akaunti zote mbili, ya Mwajuma na ya Aisha, kabla ya kufuta. Mafaili yalimiminika kama maharage kwenye debe. Punde kazi ikasimama. Maandishi yalitokea kwenye kioo: faili hili limefungwa kwa sababu linatumika, jaribu tena, au ruka.

"Kuna faili huyu binti ameliacha wazi kwenye akaunti yake," Valentino alisema. "Likiwa wazi kule, huku linagoma kunakiliwa. Anipe neno la siri niingie nilifunge."

Mwajuma alishika simu. Wakati huo Beatha alikuwa amefika kwenye utamu wa habari, pale bwana arusi wa Kifungilo alipokutwa na mke mwingine Korogwe, na benchi zima limenyamaza kumsikiliza. Mwajuma aliitazama simu, akamtazama Beatha.

"Yupo na mgonjwa, nitamsumbua," alisema, akaiweka chini. "Ni moja tu?"

"Moja tu kati ya maelfu, mama yangu."

"Basi liruke. Ehe, Beatha, huyo mke wa Korogwe akasemaje?"

Valentino alibofya ruka. Alipomaliza alimwonyesha Mwajuma diski. Folda yenye jina la Aisha ilikuwepo, na ndani yake safu za majina. Katikati palikuwa na jina moja lililofifia kama kivuli, limeliwa herufi za mwanzo, lakini neno Bibi lilisomeka.

"Na zile nyimbo zipo?" Mwajuma aliuliza.

"Si hizo hapo, mama yangu? Bibi huyo hapo."

Mwajuma aliliona jina, akaridhika. Hakusema lifunguliwe. Valentino akaifuta kompyuta, ikarudi nyepesi kama unyoya, na kila aliyeingia kibandani wiki ile alisimuliwa jinsi kijana yule anavyojua kazi.

Bi Mwanahamisi aliruhusiwa kurudi nyumbani Magamba, pamoja na Aisha aliyekuwa akimuuguza Bumbuli siku zote hizo bila kukanyaga kibandani. Kauli haikurudi, ila macho na masikio yake yalikuwa macho kama zamani. Mwajuma, ambaye hakuweza kuona jambo jema likifanyika bila watu, alitangaza sokoni kwamba Ijumaa wanakwenda kumpa bibi pole na kumsomea nyimbo zake. Nyumba ilijaa hadi kibarazani. Walipika pilau. Kompyuta na diski viliwekwa kwenye kigoda mbele ya mgonjwa, na Aisha akapiga magoti kando yake.

"Bibi, leo wewe unasikiliza tu," alisema. "Sisi ndio tunaimba."

Bi Mwanahamisi alitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Mkono wake wa kulia ulianza kugonga gonga mkeka, taratibu, ukitafuta mwendo wa wimbo.

Aisha alifungua folda yake. Alibofya lile jina lililofifia. Halikufunguka. Akabofya tena. Akalilazimisha kwa njia nyingine, na kurasa zote alizozichapa kwa misimu miwili zikawa mstari mmoja wa alama zisizosomeka, na katikati ya alama hizo jina: Aisha. Hapakuwa na kingine. Lile halikuwa faili la nyimbo. Kilikuwa kivuli tu, ambacho kompyuta hukiweka ili kutambua nani amelifungua faili lenyewe. Faili lenyewe lilirukwa.

"Mama," Aisha aliita bila kugeuka, "mlilifungua mkaona?"

Mwajuma alikuwa ameshika sinia la pilau. "Nililiona jina, mwanangu. Jina lilikuwepo."

"Mlilifungua?"

Mwajuma aliliweka sinia chini. Alitoka kibarazani, akampigia fundi, na kwa mazoea yake ya kufungua spika ya simu, nyumba nzima ikasikia.

"Faili lilikuwa wazi, mama," Valentino alisema. Safari hii hakusema mama yangu. "Nikakwambia, ukasema liruke. Na aliyeliacha wazi ni nani? Muulizeni huyo."

Simu ikakatika. Beatha, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliinamia sahani yake kama aliyedondosha kitu ndani. Wanawake wawili walijaribu kuuanza wimbo wa kumtoa bibi arusi. Wakaimba kiitikio, wakakirudia, wakakirudia tena. Maneno ya kati hawakuwa nayo, wakaishia hapo kwa aibu.

Bi Mwanahamisi alikuwa amesikia yote. Mkono wake ulikuwa umeacha kugonga mkeka. Alimtazama mjukuu wake kwa muda, kisha akamtazama Mwajuma aliyesimama mlangoni na simu mkononi. Kinywa chake kilijaribu kitu, kikashindwa. Ndipo yule aliyekataza wimbo usifungwe ukiwa haujaisha alipounyoosha mkono wake mmoja mzima, akakishika kifuniko cha kompyuta, na kukifunga polepole mpaka kikalia tiki.

Kibanda cha Mwajuma bado kinajaa watu hadi leo, na chai bado iko jikoni. Aisha hayupo tena pale. Na mteja anayepokea kazi yake, akatazama jina juu ya bahasha na kutaka kuondoka, Mwajuma humshika mkono kwanza, humkalisha na kumwambia kwa sauti isiyo na mzaha: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.